Acha kompyuta yako ilale Kitengela, utaiamsha ukiwa Kajiado

Uko Kajiado mjini, saa nne asubuhi, chai iko mkononi. Simu inalia. Ni mteja: "Bro, ile video ya tangazo naitaka kabla ya saa sita." Video iko. Uliimaliza jana usiku. Shida ni kwamba iko ndani ya kompyuta yako, na kompyuta iko kwenye keja Kitengela, imelala fofofo, kilomita kama 50 kutoka hapo ulipoketi.

Hiyo siku ilinipata mimi. Nilikimbia steji, nikapanda matatu, tukasimama Isinya kungoja abiria kama kawaida, na nilipofungua mlango wa keja ilikuwa imeshapita saa saba. Mteja alikuwa amepata mtu mwingine. Shilingi 6,000 zilienda hivyo, na yeye akaenda nazo. Hajawahi kunipigia tena.

Nilichofanya baada ya hapo ndicho wengi wenu mnafanya hata sasa mkisoma hapa. Niliacha mashine ikiwaka. Usiku na mchana, wiki nzima, niko au siko. Nikajiambia hiyo ndiyo bei ya kufanya kazi za onlaini. Mwenzangu tunayeshiriki nyumba alivumilia mwezi mmoja, halafu akanikalisha chini.

"Budaa, hiyo mashine yako inakula stima kuliko friji."

"Kwani tuko na friji?"

"Ndiyo nakuambia. Hatuna friji, na tokeni zinaisha kama tuko nazo mbili."

Alikuwa na haki. Na ninachotaka kukuambia leo ni hiki: si lazima uchague kati ya kompyuta iliyolala na wewe uko mbali, au kompyuta inayokesha huku tokeni zikiyeyuka. Kuna njia ya tatu, iko ndani ya mashine nyingi tulizo nazo tayari, haina malipo ya kila mwezi, na karibu hakuna aliyetufundisha. Ilaze. Halafu jifunze kuiamsha kutoka popote ulipo.

Kwanza piga hesabu

Chukua kompyuta ya mezani ya kawaida. Ikiwa imewashwa na haifanyi chochote, skrini ikiwa imezimwa, tuseme inakula wati 60. Yako inaweza kuwa chini au juu kidogo. Wati 60 kwa saa 24 kwa siku 30 ni yuniti 43. Ikiwa imelala, mashine hiyo hiyo hula wati 3 hivi, yaani yuniti 2 na nukta kwa mwezi mzima.

Sasa tafuta ile SMS ya mwisho ya tokeni, gawanya pesa ulizolipa kwa yuniti ulizopewa. Hiyo ndiyo bei yako halisi, kodi na ada zikiwa ndani. Ikiwa umepata shilingi 28, basi mashine inayokesha inakugharimu zaidi ya 1,200 kwa mwezi. Inayolala, kama 60.

Na kuna mtego mwingine. Tangu Aprili 2023, wateja wa nyumbani wa Kenya Power hutozwa kwa makundi matatu kulingana na wastani wa matumizi yao kwa mwezi: chini ya yuniti 30, kati ya 30 na 100, na zaidi ya 100. Mtu wa bedsita mwenye taa mbili, redio na chaja anaweza kukaa kundi la chini kabisa bila shida. Ongeza yuniti 43 za mashine inayokesha, na umejirusha kundi la juu wewe mwenyewe. Kuanzia hapo hata ile taa ya choo unailipia bei mpya.

Kumbe ni mambo ya zamani

Nilidhani kuamsha kompyuta kutoka mbali ni kitu cha sinema. Kumbe teknolojia yenyewe imenizidi umri. AMD wakishirikiana na Hewlett-Packard waliieleza mnamo 1995, na baadaye IBM na Intel wakaisambaza kwa jina ambalo utaliona kwenye mashine yako: Wake on LAN.

Inafanya kazi hivi. Kompyuta ikilala, kadi yake ya mtandao hubaki na stima kidogo tu, jicho moja wazi. Inangoja ujumbe wa aina moja, unaoitwa Magic Packet, yaani pakiti ya ajabu. Ndani yake hakuna ajabu yoyote: baiti 6 za kuanzia, kisha anwani ya MAC ya kadi hiyo ikirudiwa mara 16. Jumla ni baiti 102. SMS moja ina nafasi ya baiti 140. Yaani kitu kidogo kuliko SMS ndicho kinaamsha mashine nzima.

Mzigo huo haumlengi mtu mmoja. Hutupwa kwenye mtandao wote wa nyumba. Ni kama kusimama kwenye korido ya ploti na kuita jina: milango yote inasikia, ila mwenye jina ndiye anaamka. Anwani ya MAC ndiyo jina lenyewe, herufi na tarakimu 12. Kwenye Windows andika getmac kwenye dirisha la amri, utaiona. Angalia tu usije ukachukua ya waifai badala ya ile ya waya.

Na hapa kuna jambo lililonifurahisha. Zile kompyuta za ex-UK tunazonunua Nairobi, zile OptiPlex na EliteDesk zilizotolewa ofisini huko ng'ambo, zilitengenezwa zikiwa na uwezo huu kwa makusudi. Watu wa IT walitaka kuziamsha usiku, waweke masasisho, asubuhi wafanyakazi wakute ziko sawa. Ulilipia uwezo huo bila kujua. Umezimwa tu kwenye mipangilio.

Kuuwasha, ingia BIOS, tafuta Wake on LAN au Power On by PCI-E, ruhusu. Ukiona Deep Sleep au ErP, zima, kwa sababu hizo hukata ile stima kidogo ya kadi. Kisha ndani ya Windows, nenda Device Manager, fungua kadi yako ya mtandao, upande wa Power Management, iruhusu iamshe kompyuta, na uchague iamke kwa Magic Packet pekee. Usipochagua hiyo ya mwisho, mashine itaamka kila mtandao ukikohoa. Na zima Fast Startup, maana ikiwa imewashwa, mashine uliyoizima haitakuitikia.

Waifai ndiyo kikwazo

Sasa nikuambie ukweli ambao ulinichukua wikendi tatu kuukubali. Nilifanya hayo yote, mashine ikakataa kuamka. Nikabadilisha apu, nikabadilisha mipangilio, nikalaumu Windows, nikalaumu hadi fundi aliyeniuzia. Shida ilikuwa kwamba nilikuwa natumia waifai, kupitia kale kadude ka USB.

Waya wa mtandao hauhitaji maelewano. Umechomekwa, umechomekwa. Waifai ni tofauti: ili isikie, kadi lazima ibaki imeunganishwa na rauta, ikijibu na kushughulikia funguo za usalama huku kompyuta imelala. Baadhi ya laptopu zinaweza, na Mac nyingi zinaweza. Kompyuta nyingi za mezani, hasa zinazotumia kadude ka USB, haziwezi. Kadude kakikosa stima kanapotea kwenye mtandao, na unabaki unaita mtu ambaye hayuko kwenye ploti. Hata zile zinazoweza, kwa kawaida huamka zikiwa zimelala, si zikiwa zimezimwa kabisa.

Suluhisho la kwanza ni la kishamba na ndilo bora: nunua waya, upitishe kando ya ukuta hadi kwenye rauta. Kama rauta iko kwa jirani mnayeshiriki naye, au ukuta hauruhusu, tafuta rauta ya zamani inayoweza kupokea waifai na kuitoa kwa waya. Iweke kando ya kompyuta, iunganishe na mashine kwa waya mfupi. Rauta hiyo ndiyo itakaa macho na kupokea waifai. Kompyuta yako itaona waya tu. Mimi ndivyo nilivyofanya, kwa rauta ambayo mtu alikuwa ameitupa kwa kuwa sanduku lake lilipasuka. Jaribio la kwanza, feni ikazunguka. Nilikuwa nimesimama mlangoni na simu mkononi, nikacheka peke yangu kama mwendawazimu.

Unahitaji soja

Lakini hapo nilikuwa bado Kitengela. Kajiado ni habari nyingine. Kelele za korido hazifiki barabarani: pakiti ile haivuki rauta kwenda nje, wala ya nje haiingii kirahisi. Wengi watakuambia ufungue mlango kwenye rauta, ile wanaita port forwarding. Nakushauri usifanye hivyo, kwa sababu mbili.

Ya kwanza, pengine haiwezekani. Anwani za intaneti za mtindo wa zamani ni kama bilioni 4.3 kwa dunia nzima na zilishaisha kugawanywa, kwa hiyo kampuni nyingi za intaneti huweka wateja wengi nyuma ya anwani moja. Ingia kwenye rauta yako uangalie anwani ya upande wa nje. Ikianza na 100.64 hadi 100.127, huna mlango wako mwenyewe. Una mlango wa ploti, na funguo anazo mwenye ploti. Kampuni yangu, ambayo sitaitaja, ilinichukua siku nne za simu kabla mtu mmoja akiri jambo hili ambalo lingeandikwa kwa mstari mmoja kwenye karatasi ya kifurushi.

Ya pili, hata ikiwezekana, mlango uliouacha wazi ni wazi kwa kila mtu. Kuna programu huko nje ambazo kazi yao ni kuzunguka intaneti zikijaribu vitasa, na Remote Desktop iliyoachwa wazi ni moja ya njia zinazotumiwa sana kuingiza virusi vya kufunga mafaili ya watu na kudai fidia. Kazi ya mteja ikifungwa hivyo, utamwambia nini?

Kinachofaa ni soja. Kitu kidogo kinachokaa macho ndani ya nyumba, kinachopokea neno lako kwa njia iliyofungwa, halafu kinaita kwenye korido kwa niaba yako. Watu wenye pesa hununua Raspberry Pi. Mimi na wewe tuko na simu ya Android iliyopasuka kioo, iko kwenye droo, haiuziki. Iweke kwenye waifai ya nyumbani. Weka Tailscale kwenye simu hiyo na kwenye simu unayotembea nayo. Ni bure kwa matumizi ya mtu binafsi, inafunga mazungumzo yenu, na inapita hata kama anwani yako ni ya kushiriki. Kisha weka Termux, ambapo mistari minne mitano ya Python inatosha kutuma pakiti. Zima ule utaratibu wa kuokoa betri usije ukazilaza hizo apu. Sasa uko Kajiado, unaingia kwa soja, unamwambia "amsha", baada ya nusu dakika mashine iko tayari.

Kuingia ndani ya mashine yenyewe, kumbuka Windows Home haipokei Remote Desktop, Pro inapokea. Ukiwa na Home, RustDesk au Chrome Remote Desktop zitakusaidia. Na tafadhali, usiweke hiyo simu kuukuu juu ya godoro. Ikae kwenye kigae au meza ngumu, na uikague betri kila mara. Ikianza kufura, itoe.

Na stima ikipotea?

Najua ulikuwa unangoja nifike hapa. Hii ni Kenya. Tulikaa gizani nchi nzima Agosti 25, 2023, na mtaani kwetu hatuhitaji nchi nzima ndiyo tukae gizani.

Stima ikikatika, mashine iliyolala inaweza kupoteza kila kitu ilichokuwa imeshika. Ikirudi, nyingine hazisikii pakiti hadi ziwashwe mara moja kwa mkono. Dawa iko BIOS, sehemu inayoitwa AC Recovery au Restore on AC Power Loss. Iweke Power On. Stima ikirudi, mashine itajiwasha yenyewe, na kama umeipangia kulala baada ya dakika 20, italala tena ikiwa tayari kuitwa. Hifadhi kazi yako kabla ya kuondoka. Hilo hakuna mpangilio utakaokufanyia.

Kuna jambo moja tu ambalo sijalipatia dawa: tokeni zikiisha. Unaweza kuzinunua kwa M-Pesa ukiwa Kajiado, lakini hakuna pakiti ya ajabu inayobonyeza tarakimu 20 kwenye kimashine kilicho ukutani Kitengela. Hapo unahitaji binadamu. Kaa vizuri na jirani yako. Salimia keateka. Nasema kwa uzoefu.

"Si uweke tu kila kitu mtandaoni?"

Swali hili huulizwa na watu ambao hawajawahi kushughulika na video. Google wanakupa nafasi ya gigabaiti 15 bila malipo, na zinagawanywa na barua pepe na picha zako. Harusi moja ikirekodiwa na kamera mbili inazimaliza kabla bwana harusi hajaingia kanisani. Baada ya hapo ni kulipa kila mwezi, na kupandisha mafaili kwa intaneti ambayo upande wa kupandisha mara nyingi ndio mwembamba. Weka nakala mtandaoni ya kazi iliyokamilika, ndiyo. Lakini kufanyia kazi huko kwote kunahitaji mfuko ambao wengi wetu hatuna.

Tena kuna jambo lingine hapa. Tunakodi nyumba. Tunakodi intaneti. Tunakodi muziki. Kompyuta ndicho kitu kimoja kikubwa nilicho nacho ambacho hakuna mtu atakuja mwisho wa mwezi kukidai. Kuiacha kama sanduku linalofanya kazi nikiwa mbele yake tu ni kuikubali nusu.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilishinda nyumbani. Katika ile miaka miwili ya IT hakuna aliyewahi kutufungulia BIOS. Tulichora mitandao kwenye karatasi, tukaitia mtihani, tukaisahau. Sijivunii kuacha, na usisome hapa ukadhani nakushauri uache. Ila nataka walimu wanisikie: mwanafunzi akiweza kuamsha mashine ya darasani kwa mkono wake mwenyewe, amejifunza anwani, rauta, usalama na stima kwa siku moja. Hiyo ni zaidi ya nilichotoka nacho.

Kampuni za intaneti nazo: andikeni kwenye karatasi ya kifurushi kama mteja anapata anwani yake au ya kushiriki. Mstari mmoja tu. Na wenye ploti wa Kitengela, mnaojenga kila mwezi nyumba mpya kuelekea Kisaju na Isinya, mnapopitisha nyaya za stima ukutani, pitisheni na bomba moja la waya wa mtandao kwa kila nyumba. Wapangaji wenu wanafanyia kazi humo ndani. Wakipata kazi, mnapata kodi.

Neno la mwisho ni la onyo. Haya yote ni ya mashine yako. Kuingia kwenye ya mtu bila ruhusa, hata kama unajua jinsi, ni kosa chini ya Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya 2018, na adhabu inafika faini ya shilingi milioni 5 au miaka mitatu jela, au vyote viwili. Kwa ya ofisi, omba kwanza.

Basi leo jioni ukifika nyumbani, fanya mambo mawili tu. Gawanya ile pesa ya tokeni kwa yuniti. Kisha fungua BIOS uone kama Wake on LAN imo. Kama imo, chukua waya, ilaze mashine, toka nje ya mlango, uijaribu. Kama haitaamka siku ya kwanza, usikasirike. Yangu ilikataa wikendi tatu.

Wiki iliyopita nilikuwa Kajiado tena. Mteja mwingine akapiga, saa nne na robo, akitaka faili mchana. Nilimwambia anipe dakika kumi. Nikaagiza chai ya pili.